Nguvu ya Mgonjwa Huanzia Kwenye Jani

Miongoni mwa maombi yanayosikika mara nyingi katika vituo vya afya vya Unguja, mjini na shamba, ni ombi la nguvu. Mgonjwa aliyetoka kwenye homa huomba atundikiwe dripu ili nguvu zimrudie. Mzee aliyechoka kwa umri huulizia sindano. Kijana anayebeba mizigo bandarini Malindi hununua kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu kabla hajanunua chakula. Ombi hilo si la kuchekwa, kwani uchovu ni dalili ya kweli na anayeulalamikia anastahili kusikilizwa. Kasoro imo katika dhana iliyojificha nyuma yake: kwamba nguvu ni kitu kinachotengenezwa kiwandani, kikatiwa chupani, kikauzwa. Dhana hiyo inawagharimu wagonjwa fedha na wakati, na mhudumu wa afya anayeinyamazia anakuwa mshirika katika gharama hiyo.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuitamka: elimu ya lishe inayotolewa kliniki ianzie pale ambapo nguvu za viumbe huanzia, yaani kwenye jani la kijani linalopigwa na jua. Mgonjwa akilielewa hilo, mambo mengi anayoambiwa kuhusu wanga, samaki, kunde na mboga yatamwingia akilini kama habari moja, badala ya kumjia kama orodha ya makatazo.

Dripu yenyewe ni ushahidi wa kwanza. Chupa ya nusu lita ya maji ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za glukosi, ambazo humpa mgonjwa kilokalori zisizozidi 100. Kikombe kimoja cha wali mweupe kina takriban mara mbili ya hizo. Mtu mzima huhitaji kwa siku kiasi cha kilokalori 2,000, pungufu au zaidi kwa kadiri ya mwili na kazi yake. Lau angetaka kuzipata zote kwa dripu ya aina hiyo, ingembidi atundikiwe chupa zisizopungua 20, yaani lita 10 za maji, na maji hayo yangemdhuru moyo, mapafu na ubongo kabla hajashiba. Dripu ya maji ya chumvi haina hata kilokalori moja. Hayo hayapunguzi heshima ya dripu. Inaokoa maisha ya aliyekaukiwa na maji kwa kipindupindu, ya aliyetokwa na damu nyingi, ya aliyeshukwa na sukari ghafla. Lakini kazi yake ni maji, chumvi na dharura, si shibe.

Lipo na jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Glukosi iliyomo katika chupa hizo kwa kawaida hutengenezwa viwandani kutokana na wanga wa mahindi au nafaka nyingine. Sukari ya kinywaji cha kopo nayo hutoka kwenye muwa au mmea mwingine. Basi aliyeuacha ugali akaenda kutafuta nguvu kwenye chupa, ameuziwa mmea uleule kwa njia ndefu na kwa bei kubwa.

Jani hufanyaje kazi hiyo? Ndani ya jani mna rangi ya kijani iitwayo klorofili, inayonasa mwanga wa jua. Kwa nishati ya mwanga huo, mmea huyapasua maji yaliyopandishwa na mizizi, ukaiachia hewani oksijeni, kisha ukaiunganisha haidrojeni iliyobaki na hewa ukaa iliyoingia kupitia vitundu vidogo vya jani. Mwisho wa kazi hiyo ni sukari. Wataalamu wameuita mchakato huu usanisinuru, maana yake kuunda kitu kwa nuru. Sukari hiyo mmea huitumia kukua, na inayozidi huihifadhi: muhogo huihifadhi kwenye mzizi, mpunga kwenye punje, mnazi hufanya mafuta ndani ya nazi, na kunde huchanganya wanga na protini ndani ya mbegu.

Hakuna mnyama, na binadamu akiwamo, ambaye mwili wake unaweza kuishi kwa kazi hiyo. Mtu anaweza kukaa juani Nungwi kutwa nzima. Ngozi yake itatengeneza vitamini D, lakini hatapata hata kilokalori moja ya kumwezesha kunyanyua mkono. Linalowezekana kwa mnyama ni kinyume chake: kula sukari, mafuta au protini iliyokwisha kuundwa, kuvuta oksijeni, na kuvichoma pamoja polepole ndani ya seli, katika viungo vidogo viitwavyo mitokondria. Katika uchomaji huo nishati ya jua iliyofungwa na jani hufunguliwa tena. Kinachobaki ni maji na hewa ukaa, na hewa ukaa hiyo itokayo puani mwa mgonjwa ndiyo ambayo mmea huihitaji. Mtu mzima aliyelala tu, asiyefanya kazi yoyote, hutumia nishati inayokaribia ile ya balbu ya wati 80, na takriban sehemu moja ya tano huchukuliwa na ubongo. Moto huo hauzimiki maisha yote, na kuni zake zote zilikatwa juani.

Mfungaji wa Ramadhani analijua hilo kwa mwili wake, hata kama hajawahi kulisoma. Baada ya daku, saa za mwanzo hupita kwa chakula kilichomo tumboni. Kisha ini huanza kutoa akiba yake ya sukari, na kadiri siku inavyosogea mwili huongeza kuchoma mafuta. Hadi adhana ya magharibi, mfungaji huyo ametembea, amefanya kazi na ameswali kwa nguvu ya jua lililonaswa na majani miezi mingi nyuma, pengine katika shamba la nchi nyingine. Futari ya muhogo, magimbi na viazi vitamu inayomngojea ni akiba mpya ya aina ileile.

Wapo watakaosema kwamba haya ni masomo ya shule na hayana nafasi katika chumba cha daktari. Historia haikubaliani nao. Aliyeonyesha mwaka 1779 kwamba majani hutoa oksijeni yakiwa mwangani tu alikuwa daktari: Jan Ingenhousz, Mholanzi aliyesifika kwa kuchanja watu dhidi ya ndui, hata akaitwa Vienna mwaka 1768 kuichanja familia ya malkia Maria Theresa. Baada yake akaja daktari mwingine, Mjerumani Julius Robert Mayer, aliyesafiri na meli ya Waholanzi hadi Java mwaka 1840. Huko, alipokuwa akiwatoa damu mabaharia, aliona damu ya mishipa yao ya vena ni nyekundu kuliko alivyozoea kuiona Ulaya. Akajiuliza kama katika nchi ya joto mwili huchoma chakula kidogo zaidi ili kujipasha joto. Swali hilo la kitabibu lilimfikisha kwenye kanuni kwamba nishati haipotei bali hubadilika umbo, na mwaka 1845 akaandika kwamba mimea huuchukua mwanga wa jua na kuuweka kama akiba ambayo wanyama huishi kwayo. Elimu ya jani, basi, ilipitia mikononi mwa waganga. Hakuna sababu ya kuiacha nje ya mlango wa kliniki.

Unguja yenyewe ni darasa la kutosha. Katika msitu wa Jozani anaishi kima punju, ambaye kiasili hapatikani popote duniani isipokuwa Unguja na visiwa vidogo vya jirani. Huyu hula majani, hasa machanga, na tumbo lake lina vyumba ambamo bakteria huyavunja majani hayo kwa niaba yake. Karibu na mashamba hula pia majani ya miembe na mikungu, na watafiti wamemwona akila mkaa, ambao hunasa baadhi ya kemikali kali za majani zisimdhuru. Mhudumu wa afya hapaswi kushangaa, kwani mkaa ulioandaliwa maalumu hutumika hospitalini kwa baadhi ya waliokula sumu. Ng'ombe naye hula nyasi kwa msaada wa vijidudu vya tumboni. Binadamu hana tumbo la namna hiyo. Nyasi anazoziona njiani hazimfai mpaka zipite kwa ng'ombe kwanza zikawa maziwa.

Baharini mambo ni yaleyale. Katika Ghuba ya Chwaka zimehesabiwa aina 11 za majani ya bahari, mimea yenye mizizi na maua, inayofanya usanisinuru chini ya maji. Samaki tasi hula majani hayo pamoja na mwani. Wengine hula wadudu na konokono wadogo wanaoishi humo, na samaki wachanga hujificha humo hadi wakue. Dagaa hula viumbe vidogo sana vinavyoelea, ambavyo msingi wake ni mimea isiyoonekana kwa macho. Hata tumbawe, ambalo ni mnyama ingawa lafanana na jiwe, hupata sehemu kubwa ya chakula chake kutoka kwa vimelea vya kijani-kahawia wanaoishi ndani ya mwili wake na kufanya usanisinuru. Maji yakipata joto kupita kiasi, tumbawe huwapoteza wenyeji hao, hugeuka jeupe na kuanza kufa njaa. Hali hiyo ilionekana katika bahari ya Unguja mwaka 1998 na tena mwaka 2016. Wakazi wa Mji Mkongwe wanaishi ndani ya kuta za mawe ya matumbawe ya kale, na dari za nyumba hizo hushikiliwa na boriti za mikoko. Mji mzima umesimama juu ya kazi ya jua na mimea.

Katika kila hatua ya safari hii ya chakula kuna kupungua. Mnyama anayekula mmea hutumia sehemu kubwa ya nishati kwa kupumua, kutembea na kujipasha joto. Katika mwili wake hubaki, kwa kukadiria, sehemu moja tu kati ya kumi. Anayemla mnyama huyo hupata sehemu moja ya kumi ya ile iliyobaki. Ndiyo maana jodari na nguru, ambao wako hatua nyingi mbali na jani, ni wachache na bei yao ni kubwa, ilhali dagaa ni wengi na rahisi. Ndiyo maana pia kunde, choroko na mbaazi za Darajani humpa mnunuzi nishati na protini nyingi kwa shilingi chache. Mgonjwa anayeambiwa ale dagaa na kunde hudhani mara nyingine kwamba anapewa chakula cha kimaskini. Aambiwe ukweli: anapewa chakula kilicho karibu zaidi na chanzo.

Elimu hii ina faida kubwa kuliko pote kwa mgonjwa wa kisukari. Wako wengi walioacha kabisa kutia sukari katika chai, na wanaamini kwa dhati kwamba wametii. Lakini mchana kuna sinia la wali, jioni kuna chapati au mkate wa kumimina, na usiku wa Forodhani kuna urojo wenye bajia na kachori za viazi. Kipimo kikionyesha sukari imepanda, mgonjwa huhisi amedhulumiwa, na mhudumu huhisi amedanganywa. Hakuna aliyedanganya. Mgonjwa hakuelezwa kwamba wanga ni glukosi iliyotungwa kama ushanga na mmea ili ihifadhike, na kwamba mate na utumbo kazi yao ni kuukata uzi. Jaribio lake halihitaji maabara: atafune kipande cha mkate usio na sukari kwa dakika moja au mbili bila kukimeza, na utamu utajitokeza mdomoni. Mgonjwa aliyeuonja utamu huo hahitaji kutishwa. Ataelewa kwa nini anashauriwa robo ya sahani iwe wanga, robo iwe samaki au kunde, na nusu iwe mboga kama mchicha, matembele au bamia, ambazo zina sukari kidogo na nyuzinyuzi nyingi zinazochelewesha sukari kuingia katika damu. Aelezwe pia kwamba wanga si adui, na kwamba anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiuache ghafla bila kushauriana na wanaomtibu, asije akashukwa na sukari.

Ni lazima mipaka ya hoja hii iwekwe wazi. Nishati ya chakula hutoka kwenye jani, lakini si kila kirutubisho. Vitamini B12 haitengenezwi na mimea. Hupatikana katika samaki, nyama, mayai na maziwa. Chuma cha mboga hunyonywa kwa shida kuliko cha nyama na samaki, ingawa ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga husaidia, na chai inywewayo pamoja na mlo huzuia. Kwa hiyo mjamzito na mtoto mdogo wasinyimwe samaki kwa jina la jani. Wala uchovu wote si njaa. Nyuma yake huweza kuwapo upungufu wa damu, kifua kikuu, kisukari kisichojulikana, maradhi ya tezi ya shingo, moyo au figo, au huzuni iliyokaa muda mrefu moyoni. Mwenye uchovu usiokwisha apimwe kwanza. Hiyo ni sababu nyingine ya kuikataa sindano ya nguvu: humpa mgonjwa faraja ya siku mbili na kuuacha ugonjwa ukiendelea.

Pingamizi la muda nalo ni la haki. Foleni ni ndefu na wahudumu ni wachache. Lakini maelezo ya jani na ushanga hayazidi dakika tatu, na yanaweza kutolewa kwa wote wanaosubiri barazani asubuhi. Kinachokula muda ni kurudia makatazo yaleyale kila mwezi kwa mgonjwa ambaye hakuelewa asili yake.

Pingamizi lililo zito zaidi ni umaskini. Kumwambia mtu ale samaki wa hatua ya karibu hakuna maana ikiwa samaki huyo hayupo tena. Nyavu za kukokota hung'oa majani ya bahari na kukumba samaki wachanga. Mikoko hukatwa kwa kuni na mkaa. Kina mama wanaokwenda pwani maji yakipwa kutafuta chaza na kombe ndio wa mwanzo kujua kwamba pamepungua. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, ambako kilimo hicho cha biashara kilianza mwaka 1989 na wengi wa wanaokifanya ni wanawake, wameona aina yenye bei nzuri ikishindwa kustawi katika maji ya kina kifupi yaliyozidi joto. Mwani nao huishi kwa usanisinuru, na mwani ukifa, pesa ya mboga na ya nauli ya kwenda kliniki nayo hufa. Sehemu kubwa ya mchele unaoliwa Unguja huagizwa kutoka nje, maana yake kisiwa kinakula jua lililowaka mbali. Tasi wa Chwaka na kisamvu cha shambani ni katika vile vichache ambavyo bado vinalishwa na jua la hapahapa. Vikiondoka, nafasi yao itajazwa na vyakula vya pakiti, na matokeo yake yataonekana katika vipimo vya sukari na vya shinikizo la damu.

Kwa hiyo mambo matatu yafaa yafanywe. La kwanza, kila mgonjwa anayelalamika uchovu aulizwe amekula nini tangu jana, kwa utaratibu uleule anaopimwa joto na presha, na jibu liandikwe katika kadi. La pili, somo la lishe katika kliniki za wajawazito, watoto na kisukari lianze na jani, muhogo na kipande cha mkate, kabla ya kufika kwenye orodha ya vyakula. La tatu, pale kamati za shehia zinapojadili nyavu, mikoko na kufunga maeneo ya uvuvi kwa muda, mhudumu wa afya wa eneo hilo awepo na aseme. Anazo takwimu za watoto waliodumaa na watu wazima wenye kisukari katika shehia yake, na takwimu hizo ni sehemu ya mjadala wa bahari.

Kwa mgonjwa ushauri ni mfupi. Anayetaka nguvu apimwe, atibiwe ugonjwa alionao, kisha apite sokoni kabla ya kupita dukani: fungu la mchicha, kibaba cha choroko, dagaa, nazi nusu na ndimu. Gharama yake hulinganishwa kwa urahisi na ile ya chupa moja ya dripu, na familia nzima hula pamoja naye.